Mtumwa, Mtoro, Kibarua: Utumwa wa Pwani ya Kenya na Mabaki Yake

Historia ya utumwa wa pwani ya Kenya aghalabu husimuliwa kwa tarehe za mikataba. Mwaka 1822 Seyyid Said wa Oman alikubaliana na Moresby kwamba Wakristo wasiuziwe watumwa. Mwaka 1845 akakubali, mbele ya Balozi Hamerton, kukomesha kuwapeleka watumwa nje ya milki yake ya Afrika. Mwaka 1873 mwanawe, Seyyid Barghash, alilazimishwa na John Kirk kuifunga njia ya bahari pamoja na soko la Unguja. Na mwaka 1907 Serikali ya Kiingereza ikatangaza kwamba mahakama za pwani ya Himaya ya Afrika Mashariki hazitautambua tena utumwa. Mwenye kufuata tarehe hizo peke yake atadhani kwamba uhuru ulishushwa kutoka juu kwa vipande, na kwamba watumwa wenyewe walikaa wakingoja. Maneno ambayo watu wa pwani waliyatumia katika maisha ya kila siku, na ardhi ambayo watumwa waliilima na kuikimbilia, hutoa ushahidi mwingine. Ushahidi huo waonyesha kwamba sehemu kubwa ya uhuru ilikwisha kutwaliwa kwa miguu kabla ya mwaka 1907, na kwamba kilichowarudisha nyuma watu waliokwisha kujikomboa kilikuwa ni sheria ya ardhi iliyopitishwa mwaka uliofuata.

Neno mtumwa latokana na kitenzi -tuma katika hali ya kutendwa: ni mtu anayetumwa. Shina hilo hilo limezaa mtume na mtumishi. Hamna ndani ya neno lenyewe habari ya kununuliwa wala ya minyororo, na pengine ndiyo sababu limeweza kuishi kwa amani katika msamiati wa dini na wa heshima. Ukatili wa hali yenyewe huonekana zaidi katika maneno madogo yaliyolizunguka. Mateka alikuwa mtu aliyepatikana vitani. Mtwana na mjakazi walitofautishwa kwa jinsia, na mtoto wao aliitwa kitwana au kijakazi, akapewa kiambishi kile kile cha udogo wanachopewa kijiti na kikombe. Suria alikuwa mjakazi aliyewekwa nyumbani na bwana wake bila ya ndoa; kwa sheria ya Kiislamu watoto aliomzalia bwana walikuwa huru na wa ukoo wa baba yao, naye mwenyewe hakuweza kuuzwa tena, akawa huru bwana alipokufa. Jambo hili la mwisho limesababisha mengi, nalo litarejewa hapa chini.

Neno linalostahili kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi ni mjinga. Mswahili wa leo humwita hivyo asiyekuwa na akili au elimu. Katika karne ya kumi na tisa neno hili lilikuwa pia na maana mahususi, ambayo kamusi za wamisionari zimeihifadhi: mtumwa mgeni aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye bado hajaijua lugha wala desturi za mji. Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wangindo walioshushwa katika bandari za Mombasa na Malindi baada ya kupitia Kilwa walikuwa wajinga siku ya kwanza, hata kama huko kwao walikuwa wahunzi au wazee wa baraza. Aliyezaliwa pwani katika hali ya utumwa aliitwa mzalia, naye alimtazama mjinga kwa dharau ile ile aliyotazamwa nayo yeye na waungwana. Kujifunza Kiswahili kulikuwa hatua ya kwanza ya kutoka katika ujinga. Ni jambo la kufikirisha kwamba lugha ambayo leo ni fahari ya mataifa ya Afrika Mashariki ilienea kwa kiasi fulani kwa njia hiyo: maelfu ya watu walijifunza kwa haraka kwa kuwa kutoijua kulikuwa ni daraja ya chini kabisa ya ubinadamu.

Sasa yafaa kuliangalia shamba. Malindi, mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498, ulikuwa gofu katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Ulipofufuliwa chini ya himaya ya Masultani wa Unguja, hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1860, haukufufuliwa kwa biashara ya pembe bali kwa jembe. Waarabu wa Oman, Wahadhrami, Wabajuni na Waswahili wa miji mingine walikwenda huko wakatwaa ardhi tupu kadiri ya watumwa walioweza kuwanunua, maana ardhi haikuwa na bei, mikono ndiyo iliyokuwa na bei. Katika muda wa miaka isiyozidi kumi na mitano Malindi na Mambrui zikawa ghala la nafaka. Mtama ulipakiwa majahazini kwenda kulisha miji mikavu ya Uarabuni, na ufuta ulipelekwa Unguja kuuzwa kwa wafanya biashara wa Kizungu. Kila mtumwa alipimiwa ngwe yake kwa siku. Ngwe kwa asili ni kamba. Ikawa kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba hiyo, na kazi ya kukilima. Na siku hizi ni neno la kupendeza la kueleza awamu ya shughuli yoyote ile. Juu ya watumwa alikuwapo msimamizi, na chini yake nokoa, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa vilevile.

Mkataba wa 1873 haukuidhuru Malindi mara moja, kinyume chake. Bahari ilipofungwa, wafanya biashara waliwatembeza watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kwa njia ya pwani, safari ambayo wengi hawakuimaliza, na mashamba ya Malindi yalikuwa njiani. Barghash alipiga marufuku biashara hiyo ya nchi kavu mwaka 1876.

Wapo waandishi, tangu maofisa wa Kiingereza wa wakati ule mpaka baadhi ya wasomi wa baadaye, walioshikilia kwamba utumwa wa pwani ulikuwa wa upole. Hoja yao ina ukweli ndani yake: sheria ya Kiislamu ilimtambua mtumwa kuwa mtu, ilimsifu mwenye kumwacha huru, na wako mabwana waliowaandikia watumwa wao uhuru katika wasia na hata kuwawekea wakfu wa kipande cha shamba. Mtumwa wa mjini aliweza kufanya kazi ya uhamali au ya uashi, akampelekea bwana wake sehemu ya ujira, akaishi kwake. Hata hivyo hoja hiyo humpima mtumwa kwa adabu ya bwana. Mtu aliyeandikiwa uhuru aliendelea kuwa mtu wa bwana fulani. Alimwomba ruhusa ya kuoa, akamrithisha alipokufa bila ya jamaa. Na mtumwa wa shamba, ambaye hakuwa na nafasi ya mtu wa mjini, alikuwa na hukumu yake juu ya upole huo. Hukumu hiyo ni utoro.

Mtoro, katika Kiswahili cha leo, ni mtoto asiyekwenda shule. Katika miaka ya 1870 na 1880 watoro walikuwa jamii nzima iliyotisha miji ya pwani. Upande wa kaskazini walikimbilia Witu, ambako Ahmad wa ukoo wa Wanabhani, aliyeitwa Simba, aliwapokea kila aina ya watu waliokosana na Sultani wa Unguja, akawapa ardhi ya kulima na bunduki ya kuilinda. Wengine walikwenda mbali zaidi mpaka mto Juba, wakajenga vijiji katika misitu ya Gosha. Wazigula waliokuwa miongoni mwao walihifadhi Kizigula chao, na wajukuu zao wangali wakikisema. Yafaa kuongeza hapa kwamba vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wengi wa wazao hao walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakapokelewa Tanzania katika makao ya Chogo, mkoani Tanga, katika nchi ile ile ambayo mababu zao walitolewa. Nyuma ya Malindi na Takaungu, katika nchi ya Wagiriama, kulikuwa na Makongeni na Fuladoyo. Katika Fuladoyo Wakristo wa Kigiriama, ambao hawakuwa chini ya Mzungu yeyote, waliwapokea watoro mpaka kijiji kikawa na mamia ya watu, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wenye watumwa wakakishambulia.

Vijiji hivi vilikuwa na mambo mawili ambayo shamba la bwana halikuwa nayo. Kwanza, mtoro alilima kwa ajili yake mwenyewe. Mtama na mahindi yaliyozidi aliwauzia hata watu wa mjini, ambao walimwita mwizi mchana na kununua nafaka yake jioni. Pili, watu wa makabila mengi waliokuwa wajinga pwani walikuwa wenyeji huko, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Kiswahili cha bara la pwani kilienezwa na misafara na misheni tu.

Misheni nayo ina sehemu yake, lakini sehemu hiyo imetukuzwa kupita kiasi. Frere Town ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza. Walimu wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliopata kuokolewa wangali watoto na kulelewa Nasik, Bara Hindi. Kengele iliyotundikwa hapo, ambayo imelipa jina lake eneo la Kengeleni, ilipigwa kuwaita watu kanisani na kuwatahadharisha hatari ilipokaribia. Hatari ilikuwapo kweli, kwani mnamo mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukiteketeza kijiji. Lakini hatari haikutoka nje tu: mwaka uliofuata ilibainika kwamba watu walioitwa huru walikuwa wakipigwa viboko na msimamizi wao mwenyewe wa Kizungu. Kule Rabai mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko mchungaji William Jones, ambaye mwenyewe alipata kuwa mtumwa, aliwapokea watoro waliokuja kwa miguu yao, kinyume cha maagizo ya wakubwa wake ambao hawakutaka kugombana na Waarabu. Mwaka 1888 mwakilishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, George Mackenzie, alipotaka amani na wenye mashamba, aliwalipa fidia kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokutwa katika vituo vya misheni, na watoro hao wakapewa hati za uhuru. Tukio hilo limesifiwa sana. Yafaa likumbukwe kwa jinsi lilivyokuwa: watu waliokwisha kujikomboa wenyewe walinunuliwa mara ya pili.

James Juma Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, aliisimulia habari ya wazee wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa London mwaka 1934. Wahakiki wamemlaumu kwa kumtukuza Mwingereza na kumpaka Mwarabu rangi moja nyeusi, nao wana haki. Lakini lawama hiyo isizibe macho. Mbotela aliandika akiwa mtoto wa watu ambao ukoo wao ulianzia jahazini. Mwenye kusema yeye ni fulani bin fulani bin fulani ana mahali pa kusimama. Mtu ambaye mnyororo wa majina yake umekatika kwa baba hana budi kuuanza ukoo wake na yule aliyemfungua.

Uhuru wa jina waweza kutwaliwa pia, mradi mtu awe mbali na wamjuao. Mpagazi aliyekuwa mtumwa Bagamoyo au Mombasa, akisha kuvuka Ziwa Tanganyika na bunduki yake na kanzu yake, hakujiita mtumwa. Alijiita mwungwana, na wenyeji wa Manyema wakamkubalia. Ndiyo maana lugha ya misafara iliyobaki Kongo ikaitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana, ijapokuwa wengi wa waliyoieneza wasingekaribishwa kwa jina hilo katika ukumbi wa nyumba ya mawe huko walikotoka. Methali isemayo mwungwana ni kitendo haikosi kuwa na upinzani wa aina hiyo ndani yake.

Waingereza walipotangaza Himaya mwaka 1895 hawakuwa na haraka ya kuukomesha utumwa. Arthur Hardinge alishikilia kwamba tabaka la Waarabu, ambalo alilitegemea katika utawala, lingefilisika. Unguja na Pemba zilipata sheria yao mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilingoja miaka kumi zaidi. Kufikia mwaka 1907 mashamba mengi ya Malindi yalikwisha kuwa magugu, kwa kuwa watoro walikwisha kwenda zao, na vita vya Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui vya 1895 na 1896 vilizidi kuwatawanya. Sheria ilipokuja iliwalipa fidia wenye watumwa. Watumwa hawakulipwa kitu.

Mwaka 1908, wino wa sheria ya kwanza haujakauka, ilipitishwa sheria ya kusajili ardhi ya pwani katika ukanda wa maili kumi. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa afike mbele ya maofisa na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake halikuthibitika, ikawa ya Serikali ya Kifalme. Sheria hii haikumtaja mtumwa popote, wala haikuhitaji. Mwenye shamba alikuwa na hati ya kadhi, na mashahidi wa daraja lake, na mara nyingi wakili. Mtoro aliyelima Makongeni miaka thelathini hakuwa na karatasi. Na mzalia aliyebaki kwenye shamba la bwana wake alikuwa anakaa hapo kwa hisani, ambayo si haki kisheria. Shamba lililokwisha kuota msitu likarudi kwa mtu aliyeacha kulilima, kwa bei mpya, kwa kuwa sasa ardhi ilikuwa na bei na mikono haikuwa nayo. Wengi waliouza waliwauzia Wahindi na Wazungu waliotaka kulima mpira na pamba. Wapo Waarabu na Waswahili wasiokuwa na uwezo ambao nao walipoteza ardhi kwa sheria hiyo hiyo, na Wamijikenda, kama kabila, hawakutambuliwa kuwa na dai lolote ndani ya ukanda. Kwa hiyo kosa si la kumbebesha mtu wa asili moja tu.

Mashamba mapya yalihitaji wafanya kazi, na watumwa wa zamani hawakutaka kurudi kwenye ngwe kwa mshahara wa senti. Ndipo Serikali ilipowageukia Wagiriama, ambao walikuwa wakilima na kuuza mahindi yao wenyewe kaskazini ya mto Sabaki. Upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza tangu mwaka 1913, kulipuliwa kwa Kaya Fungo mwaka 1914, na kufukuzwa kwa Wagiriama kutoka kaskazini ya mto ni sehemu ya historia ya utumwa, ijapokuwa vitabu vingi huviweka katika sura nyingine. Swali lilikuwa lile lile: nani atalima shamba la mwenye hati, na atalazimishwaje?

Jibu la lugha kwa swali hilo ni neno kibarua. Ni barua ndogo. Katika karne ya kumi na tisa, mtumwa aliyekodishwa na bwana wake kwa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, ili ujira ulipwe. Na mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi hiyo. Utumwa ulipoondoka, karatasi ilibaki, na neno likamhamia mfanya kazi huru wa bandarini na wa mashambani. Wanahistoria wa wafanya kazi wa Mombasa wangefaa kulianzia hapo.

Mabaki ya mambo haya katika jamii yanagusika kwa uangalifu. Kwa upande mmoja, kwa sababu ya suria, koo nyingi zinazohesabu nasaba yao mpaka Uarabuni zina bibi Myao au Mnyasa ambaye jina lake halitajwi. Kwa upande mwingine, posa yaweza kurudishwa kwa neno moja la pembeni kuhusu babu ya kijana, na aliyeulizwa sababu akajibu tu kwamba watu hawalingani. Wazao wa watumwa wengi wamejiandikisha katika makabila ya jirani, au wamejiita Waswahili bila ya maelezo, na hawalaumiki. Unyamavu huo hulinda heshima za watu. Lakini pia huficha dai. Mtu hawezi kudai shamba kwa jina la babu ambaye hamtaji.

Mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Kenya na Unguja, yaliyouweka ukanda wa pwani ndani ya Kenya huru, yalitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Hivyo matokeo ya 1908 yaliingia katika dola mpya yakiwa mazima. Miradi ya makao iliyofuata, kama ule wa Magarini ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia, iliwapa baadhi ya watu viwanja katika eneo lile lile la mashamba ya mtama. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 na Katiba ya 2010 zimeyataja madhulumu ya kale ya ardhi, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyachambua ya pwani katika ripoti yake ya 2013. Walioishi muda wote huo kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine wamepewa jina jipya, maskwota.

Kwa desturi ya pwani miti na ardhi ni mali mbili mbalimbali: mtu aweza kuwa na minazi yake juu ya ardhi isiyokuwa yake, na minazi hiyo hurithiwa, huwekwa rehani na huuzwa. Wenye hati walilijua hilo vizuri. Kwa sababu hiyo wengi wao walimruhusu mkaaji kupanda mahindi, mihogo na kunde, vitu vya msimu mmoja, wakamkataza kupanda mnazi, mwembe au mkanju.